Kopo la Kwanza

Asubuhi ya kwanza baada ya Fuko kutolewa shimoni, Mama Mwenye Nyumba alichelewa kuamka. Alitoka uani na gauni la kulalia limemkaa upande, uso umevimba kwa usingizi, akauliza jua limepandaje namna ile bila mtu kumgongea mlango. Wapangaji walikuwa wamesimama bombani na ndoo zao, wote wakisikiliza kitu ambacho hakikuwapo. Kwa miaka na miaka ua ule ulipambazuka kwa mlio wa sururu: pigo, pigo, kisha beleshi likizoa udongo, kisha pigo tena. Watoto wachanga walilala nao kama wanavyolala na pumzi za mama zao. Sasa palikuwa kimya hadi ukasikia bomba likidondosha matone.

"Kumbe alikuwa anatuamsha," akasema Mama Mwenye Nyumba, akapiga miayo. "Itabidi ninunue saa."

Fundi Cherehani, aliyekuwa wa tatu kwenye foleni, akacheka. Binti wa Fuko hakucheka. Alikuwa amechuchumaa pembeni akisuuza shati la baba yake katika karai. Maji yalitoka mekundu kwa udongo, akayamwaga, akachota mengine, nayo yakatoka mekundu vilevile.

Kila mtu alimwita baba yake Fuko, kwa sababu alichimba. Alichimba vyoo, misingi, mifereji, na kaburi mara mojamoja kama wenye msiba hawakupata mtu mwingine. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, shingo imeinama mbele hata akiwa anakunywa chai. Kuta za shimo lake zilinyooka kama zimekatwa kwa kisu, na akimaliza kazi aliosha beleshi kwanza ndipo akaoga. Watu wa mitaa ya mbali walimfuata kwa sifa hizo. Wangekuwa hao tu, Fuko angeishi vizuri. Lakini kulikuwa na kasha.

Nyumba ile ya vyumba vingi, iliyozunguka ua mpana, ilijengwa na mfanyabiashara wa vitambaa ambaye mkewe, walisema, alivaa dhahabu hadi kwenye viwiko. Siku moja familia nzima iliondoka na kuacha milango wazi na sufuria jikoni. Walioshuhudia walisema lori lilibeba watu na magodoro, ila kasha la yule mama halikupakiwa. Basi limebaki. Limezikwa mahali fulani uani. Mmoja atakwambia ni kasha la chuma, mwingine mtungi, na mmoja aliwahi kula kiapo kuwa ni mlango wa dhahabu umelazwa chini. Kila mpangaji mpya alipewa hadithi hii pamoja na ufunguo wa chumba. Wengi waliisikiliza, wakacheka, wakaenda kufungua mizigo yao. Fuko alipopewa ufunguo wake, akiwa kijana aliyeoa juzi, alitoka uani papo hapo, akapiga kisigino chini, akasikiliza.

Binti yake alipokuwa mdogo hakuona ubaya wowote. Kwake kasha lilikuwa mchezo, na mwenye mchezo alikuwa baba. Shule zikifungwa, Fuko aliwakusanya watoto wote wa uani. "Haya, jeshi," alisema, "mfanyabiashara amekimbia, ameacha alama. Mwenye macho na aone." Nao walitawanyika wakipiga kelele. Alama zilikuwa mawe matatu chini ya dirisha, fundo kwenye kamba ya kuanikia nguo, mshale wa mkaa nyuma ya bafu. Mshale ulielekeza mahali udongo ulipokuwa mlaini. Watoto walifukua kwa vijiko na vifuu, wakatoa kopo la maziwa lenye kutu, wakalifungua wakigombana, wakakuta ndani kifungo, au kokwa, au kipande cha kioo.

Mara ya kwanza binti alilia. Alitegemea pipi.

Fuko akamchuchumalia, mikono yake mikubwa juu ya magoti. "Usilie, mama. Kopo la kwanza halina kitu. Mwenye kuficha si mjinga. La kwanza anakuwekea njia tu. Kifungo hiki kimetoka wapi? Nani uani hapa ana vifungo?"

"Fundi Cherehani!"

"Basi unakaa hapa unafanya nini?"

Wakakimbia kwa Fundi Cherehani, na chini ya kizingiti chake kulikuwa na kopo la pili, na la pili likawapeleka kwenye la tatu, na pipi zilikuwa katika la mwisho, zimefungwa kwa karatasi, zimepata ladha ya udongo. Binti hakupata kula tena pipi tamu kama zile. Kanuni ile ilikaa kwa watoto wote kama wimbo. Ukipata kopo, ukasimama, ukafurahi, umeshindwa. Aliyeshinda ni yule aliyetazama ndani, akatupa furaha yake, akaendelea.

Mama yake hakuupenda mchezo, maana aliujua ule mchezo mkubwa uliokuwa nyuma yake. Jioni, na siku zisizo na kazi, Fuko alichimba uani kwa ajili yake mwenyewe. Alirudi chumbani akiwa na udongo kwenye nyusi, akaeleza mahali alipokosea na mahali atakapojaribu. Asubuhi moja yule mama alikunja nguo zake. "Mimi niliolewa na mtu," akamwambia mumewe mbele ya wapangaji wote, "sikuolewa na shimo." Fuko alisimama humo shimoni, kichwa tu kikionekana, akamtazama akitoka langoni. Kisha akainama, na sururu ikaendelea. Binti alikuwa na umri wa kuosha vyombo bila kusaidiwa. Siku ile ndiyo alianza kuviosha vyote.

Mama Mwenye Nyumba ndiye aliyeota. Ua ulikuwa mali yake tangu mumewe alipofariki, na marehemu, alisema, hakumwacha apumzike. Alimjia usingizini, akasimama kwenye kona fulani, akaonyesha chini kwa kidole. Habari hizi alizitoa bombani, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika, akihakikisha Fuko yuko karibu.

"Kaonyesha wapi, mama?" Fuko aliuliza.

"Achana nazo, baba, ndoto tu hizi."

"Wapi lakini?"

"Pale nyuma ya jiko. Akatembea hivi, akageuka hivi. Kama anapima vile. Mimi sijui. Ukipata, ni nusu kwa nusu, mimi si mroho."

Fuko alichimba nyuma ya jiko, bila malipo, akatoka na mikono mitupu. Kesho yake fundi mwashi akaja na matofali. "Maadam shimo lipo," alisema Mama Mwenye Nyumba, "si tulitie choo?" Marehemu akaota tena, yaani akaotwa tena, kando ya ukuta wa mashariki, na pakawa msingi wa vyumba vipya. Akaotwa akitembea kwa mstari mrefu mpaka barabarani, na pakawa mfereji. Kila mara Fuko alichimba hadi chini kabisa, akapiga ardhi kwa kisigino, akasikiliza, akatikisa kichwa. Kila mara kuta za shimo lake zilikuwa zimenyooka, kwa sababu hakujua kuchimba vibaya.

Binti aliujua ukweli akiwa msichana mkubwa, alipompelekea Fundi Cherehani sketi ya kupunguza. Fundi alikuwa na ulimi mkali kama mkasi wake. "Baba yako kaanza shimo lile la karibu na tangi la maji?" aliuliza, midomo imebana pini. "Mwambie marehemu safari hii kataka futi nane kwa sita. Nimemsikia mwashi akimtajia mwenyewe."

"Mwashi kamtajia nani?"

Fundi akatoa pini mdomoni. "Mwanangu, usiniambie hujui. Ndoto za huyu mama huja na vipimo." Akacheka, mkewe akacheka kitandani, na mpangaji aliyekuwa akisubiri suruali yake akacheka. Binti aliwatazama mmoja mmoja, akaona kwamba wamekuwa wakicheka tangu zamani, na kwamba kicheko kile kilikuwa ndicho burudani ya ua mzima, kama redio. Ndipo naye akacheka. Alicheka ili asiwe peke yake. Akachukua sketi yake, akaenda.

Alimwambia baba yake jioni ileile. Alieleza kila kitu: mwashi, vipimo, vicheko. Fuko alisikiliza akisugua beleshi kwa mchanga. Alipomaliza kusugua, akaliegemeza ukutani, akasema bila hasira, "Mama yako alianza hivyohivyo." Kisha hakusema naye tena hadi mvua zikaja na kuisha. Chakula alichompikia alikila akiwa amempa mgongo. Binti alijifunza kwamba baba yake angeweza kuishi bila mke, na bila mtoto pia angeweza, lakini bila kasha, hapana. Hakumgusia tena.

Miaka ikaenda. Binti alipata kazi ya kupiga pasi kwa dobi, akawa mwanamke wa makamo na mikono yenye alama za moto. Hakuolewa. Waliokuja kuposa waliliona shimo kwanza. Fuko alizeeka. Magoti yalimlilia akipanda ngazi yake ya miti, na watu wa mitaa ya mbali wakaanza kuita vijana. Kazi iliyobaki ilikuwa ya uani.

Mwaka ule Mama Mwenye Nyumba aliamua kubomoa upande mmoja wa nyumba na kusimamisha ghorofa. Ghorofa huhitaji tangi kubwa la maji machafu. Marehemu akaja, akasimama kwenye kona ya chini kabisa ya ua, baina ya ukuta wa jirani na choo cha zamani kilichokuwa kimefukiwa, akaonyesha chini, na inasemekana safari hii alilia.

Kila mtu aliyewahi kushika sururu angejua kwamba kona ile haichimbiki. Udongo wa choo kilichofukiwa haushikani, ni kama uji uliokauka juu. Fuko alilijua hilo kuliko wote. Lakini alisema, "Ndiyo maana hakuna aliyewahi kutafuta pale," na macho yake yakang'aa kama ya wale watoto wa mchezo wake wa zamani. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Binti alimtazama akishuka kila siku, kwanza hadi magotini, kisha kiunoni, na kila siku aliona ukuta wa upande wa choo ukitoa jasho.

Alikwenda kwa Mama Mwenye Nyumba. "Mama, nakuomba. Mwambie umeota pengine. Juu, pakavu, popote. Mvua inakuja."

Mama Mwenye Nyumba alikuwa akipaka kucha rangi. "Ndoto siziagizi, mwanangu," akasema. "Mimi huletewa."

Basi hakukuwa na njia ya maneno. Siku mbili nzima, akipiga pasi mashati ya watu, binti aliwaza namna ya kumtoa baba yake shimoni akiwa mzima, na kwa heshima. Wazo lilipokuja, lilikuja kama zawadi, na alijilaumu kwa kutolifikiria tangu utotoni. Huyu mzee hataki utajiri. Anataka kupata. Na apate.

Alikwenda kwa muuza vikuukuu nyuma ya soko, akachagua hereni nzito ya shaba, ya kizamani, yenye umbo la jani. Ilikuwa moja tu. "Mwenzake iko wapi?" aliuliza. "Ilikuja hivyo," muuzaji akajibu. Kwa sababu haikuwa na mwenzake ilikuwa rahisi, akaifurahia. Aliisugua kwa majivu, akaitia katika kopo la maziwa lenye kutu. Mchana, Fuko alipokuwa amelala baada ya chakula, binti alishuka ngazi, akafukua kwenye sakafu ya shimo, akalizika kopo, akashindilia udongo kwa kiganja. Alipopanda juu alikuwa anatabasamu. Kwa muda alikuwa yeye ndiye baba, na Fuko ndiye mtoto.

Alasiri ile beleshi liligonga bati, na sauti iliyotoka shimoni iliwafanya watu waangushe sindano na sufuria. "Jamani! Jamani, njooni!"

Ua mzima ulisimama ukingoni. Fuko alikuwa amepiga magoti, ameshika kopo kwa mikono miwili, machozi yakichora mistari kwenye udongo wa mashavuni. Akafungua. Akainua hereni. Jua likaishika. Hakuna aliyecheka, hata Fundi Cherehani. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile walinyamaza mbele yake, na binti aliinywa ile hali kama maji ya baridi.

"Umeipata, baba," akasema, akanyoosha mkono. "Umeipata. Sasa panda juu. Njoo uoge."

Fuko aliinua uso. Alimtazama kwa mshangao, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi wake bora aliyejibu upuuzi.

"Nipande?" akasema. "Mwanangu, hili ni kopo la kwanza."

Binti aliurudisha mkono.

"Hereni moja," Fuko akawaambia wote, akiizungusha. "Mnaona? Nani anazika hereni moja? Ni njia hii! Mwenzake iko chini." Akageukia ukuta uliokuwa ukitoa jasho, akaupapasa. "Chini, na upande huu. Jani linaelekea huku."

"Baba, niliiweka mimi."

Alisema mbele ya watu wote. Alieleza muuza vikuukuu, majivu, mchana ule. Fuko alikuwa ameanza kucheka kabla hajamaliza. "Mnamsikia? Tangu mdogo, akikaribia kushindwa huanza uongo."

"Muulizeni yeye mwenyewe muuzaji!"

"Mtoto anataka achimbe peke yake," akasema Mama Mwenye Nyumba, akatazama pembeni kidogo, akipima kina cha shimo kwa jicho. Lilikuwa limefika nusu. "Na hereni hiyo mimi naijua. Mama mkwe aliwahi kunisimulia hereni za jani. Sikutaka tu kusema." Mtu mmoja nyuma akakohoa kicheko. Kingine kikafuata. Ua ukarudi kuwa ua.

Binti alishuka shimoni, akamshika baba yake mkono. Fuko alimsukuma. Hakumsukuma kwa nguvu, ila alimsukuma kama mtu anavyoondoa kitu njiani, na hilo ndilo lililouma. "Umefanana na mama yako," akamwambia. "Toka kwenye shimo langu."

Fuko hakuwahi kuchimba vile. Asubuhi iliyofuata sururu ilianza kabla ya jogoo, haraka, bila vituo vyake vya kawaida. Binti alimwachia dobi mashati yake, akakaa ukingoni, akimbembeleza, akimtukana, akimbembeleza tena. Fuko aliacha kunyoosha kuta. Kwa mara ya kwanza maishani alichimba vibaya, akipenyeza tundu chini ya choo cha zamani, mpaka zikaonekana nyayo zake tu. Manyunyu yalianza baada ya chakula cha mchana. Binti alisikia sauti kama ya mtu mnene anayekaa kwenye kochi, akaona ukuta mzima ukishuka taratibu, kama kwa adabu.

Walimfukua kwa mikono, kwa masufuria, kwa mabeleshi yake mwenyewe. Fundi Cherehani alichimba kuliko wote, akilia, kucha zikimng'oka. Kichwa kilipotoka, Fuko alitema udongo, akavuta pumzi yenye mlio, akafumbua macho.

"Nyingine mmeiona?" akauliza.

Nyonga ilikuwa imevunjika, na uti wa mgongo. Hereni walimkuta nayo ndani ya ngumi, na hospitalini walishindwa kuifungua ngumi ile mpaka walipomchoma sindano ya usingizi.

Siku ile ya kimya, binti alipomaliza kusuuza shati, aliliacha kwenye karai, akamfuata Mama Mwenye Nyumba hadi mlangoni.

"Ulijua udongo ule ulivyo," akamwambia.

"Mwanangu, mimi nilimwambia achimbe? Hata siku moja. Waulize hawa. Mimi niliota tu." Alionekana ameumizwa kweli. "Siku hizi hata kuota ni kosa?" Kisha akainamisha kichwa, akashusha sauti ya huruma. "Na kopo, niliweka mimi?"

Binti alirudi kwenye karai, akalikamua lile shati.

Wiki haijaisha, mwashi alikuja na vijana wake, wakazoa udongo ulioporomoka, wakapanua, wakajenga kwa matofali. Walisifu upande aliouchimba Fuko kabla ya kopo, kwamba umenyooka, haukuhitaji kuguswa. Watoto wa uani walipata mchezo mpya. Mmoja hulala kwenye rundo la mchanga wa mwashi, wenzake humfunika hadi shingoni, kisha huulizwa, "Nyingine umeiona?" Akicheka, amekufa. Binti alipita wakiucheza siku aliyokuja kuchukua magodoro. Walimwamkia vizuri, wakaendelea.

Fuko humsemesha, lakini ni jambo moja tu. Kila asubuhi, akishaoshwa na kugeuzwa, humtazama kwa jicho la mtu aliyeibiwa na ndugu. "Nyingine unayo wewe," humwambia. "Uliitoa mchana nilipolala. Nirudishie." Mwanzoni alimweleza. Kisha akafikiri kumtafutia nyingine inayofanana, akaenda hadi nyuma ya soko, akasimama mbele ya vikuukuu vya yule muuzaji. Alizitazama hereni zote zenye umbo la jani. Akakumbuka kwamba hata kopo la pili huwa halina kitu, akarudi na mikono mitupu.

Fuko yuko hai. Anaishi na binti yake mtaa mwingine, ghorofa ya tatu, chumba cha nyuma. Sakafu ni ya saruji.